Gyrid na Joho la Mfalme

Gyrid wa Kleiva alikuwa na maziwa mengi. Ndivyo alivyoanza kujulikana, wala hakuona haya kulisema. Wanawake wengine walisifiwa kwa sura au kwa ukoo, yeye alisifiwa kwa kifua. Alipomzaa mwanawe wa pili, Hergils, mtoto alinyonya akashiba, akacheua, akalala, na maziwa yakaendelea kulowesha gauni. Habari ikavuka hori, ule mkono wa bahari uingiao kati ya milima yetu, ikamfikia mfalme mzee, ambaye mkewe alikuwa amefariki kwa uzazi siku zilezile. Kabla theluji haijayeyuka, mashua ilifika ufukweni Kleiva na kichanga kilichoviringwa ndani ya ngozi ya kondoo. Kichanga hicho ndicho Ottar.

Usije ukadhani mfalme ni mtu wa ajabu. Wafalme wa kwetu siku zile walikuwa wengi, kila hori na wake, na huyu wetu alilima shayiri na kufuga kondoo kama sisi, ila ukumbi wake ulikuwa mrefu kuliko wetu na watu waliokula kwake walikuwa na panga. Hata hivyo mfalme ni mfalme. Kwetu, anayemlea mtoto wa mwenzake amekubali kuwa chini yake, na Torbrand, mume wa Gyrid, alikubali mbele ya mashahidi. Alimpakata mtoto gotini, na tangu saa ile nyumba ya Kleiva ikafungwa pamoja na nyumba ya mfalme: atakayemgusa Ottar amewagusa wote. Gyrid hakukaa kusikiliza maneno ya wanaume. Alikwisha kumweka Ottar ziwa la kushoto na Hergils la kulia, akawa anatazama nani mlafi. Ottar ndiye aliyeshinda, na kwa mbali.

Wakakua watatu: Eldgrim, mtoto wa kwanza wa nyumba ile, akitangulia, na hao wawili wa ziwa moja nyuma yake. Ottar alijua kuchafuka. Akitumwa kwenye samaki anarudi na matumbo ya samaki kichwani, akitumwa zizini anarudi zizi lote limo mwilini. Gyrid alimfulia, akamkaripia, akamfulia tena. Alipochukuliwa kurudi kwa baba yake, sasa ndevu zikianza kuota, Gyrid alimfumia joho zito la sufu ya kondoo wa kahawia, ukingoni buluu, rangi iliyomgharimu majira mazima ya kuchemsha majani. Kwa Hergils hakufuma joho la namna hiyo. Hergils alimwuliza, "Mama, langu liko wapi?" naye akamjibu, "Wewe utakaa hapa na mimi, baridi ya huku unaijua." Jibu lilimtosha Hergils, maana alikuwa mtoto wa kutosheka.

Ottar akawa mfalme baada ya baba yake. Si mfalme mkubwa, si mbaya. Kila akipita Kleiva aliingia jikoni na watu wake wenye panga, akachota maziwa mgando kwa mkono moja kwa moja chunguni, akasema, "Mama, hawa wananilisha kama mgeni, wewe tu ndiye unanilisha kama ng'ombe." Gyrid alimpiga mkono kwa mwiko mbele ya watu wake, na roho yake ikajaa.

Nyangumi ndiye aliyemwua. Alikuja kufa ufukweni, kichwa upande wa Ottar, mkia upande wa Arnkel, mfalme wa hori la jirani, na nyangumi ni nyama ya majira mazima ya baridi. Wakakutana kugawana. Walicheka, wakanywa, wakakubaliana. Ottar akainama kupima mkia kwa kamba, na Arnkel akamchoma mkuki mgongoni. Kwa nini, hakuna aliyejua. Wengine walisema ilikuwa pombe, wengine kwamba Arnkel alitaka mahori yote mawili, na ni kweli aliyapata.

Sasa, kwetu mtu akiuawa hivyo, nguo aliyouawa nayo haifuliwi. Hukabidhiwa mwanamke wa karibu zaidi, mama au mke au dada, naye huikunja na damu yake, akaitia sandukuni. Siku ikifika huitoa mbele ya watu na kuiweka mabegani mwa mwanamume atakayelipiza. Damu iliyokauka hubanduka, ikamdondokea shingoni na mapajani, na hapo maneno yamekwisha. Aliyedondokewa ataenda, la sivyo si mtu tena. Hawezi kulitwaa joho mwenyewe. Akienda bila kuvikwa, hakuna atakayemfuata. Ni lazima mkono wa mwanamke.

Ottar hakuwa na ndugu wa tumbo moja, na mkewe alikuwa amesharudi kwao na vyombo vyake. Joho likaletwa Kleiva. Gyrid alilitambua kwa ule ukingo wa buluu kabla hajaambiwa. Hakulia mbele ya waliolileta. Torbrand wakati huo alikwisha kuzama baharini, kwa hiyo aliyekuwa na sauti nyumbani mle alikuwa yeye, na siku ya matanga ya Ottar, ukumbi umejaa, alilifungua sanduku akamvika Eldgrim.

Alimvika kwa fahari, na tusimsingizie mengine. Alimchukia Arnkel kwa chuki iliyomkosesha usingizi na ladha ya chakula, akaona mwanawe mkubwa amesimama na damu ya mwanawe wa maziwa shingoni, akaona ni vizuri. Eldgrim akaondoka na vijana wa hori letu. Wakamkuta Arnkel nyumbani kwake, mlango umefungwa na watu wake wakiwangoja. Waliorudi walisema Eldgrim alikufa vizuri. Baadaye kidogo mtu wa Arnkel alileta joho, limekunjwa kwa adabu, na neno: bwana wangu anasema kitu cha mama kirudi kwa mama. Mpaka leo watu wanabishana kama yale yalikuwa matusi au heshima. Gyrid alilipokea, likiwa na tundu jipya begani na damu mpya juu ya ile ya zamani, akalirudisha sandukuni.

Akabaki Hergils.

Hergils alikuwa mtu wa kondoo. Alioa Alfdis, binti wa mganga wa mifupa, mwanamke wa maneno machache na mikono yenye nguvu, na wote wawili wakaishi nyumba moja na Gyrid bila ugomvi wa kusimuliwa. Angekuwa na maisha mazuri kama si ndugu wa mama yake. Kolbein, mjomba, alikuja Kleiva kila karamu, na ulimi hauna mfupa.

"Hergils," alisema siku moja, pombe ikizunguka, "hizo ndevu zako zinalinda nini?"

"Kidevu, mjomba. Kuna baridi."

Watu wakacheka. Kolbein naye alicheka, lakini hakuishia hapo. "Mwenzio uliyenyonya naye analiwa na wadudu, wewe unahesabu kondoo."

"Nisipowahesabu, mjomba, wewe ukija hapa utakula nini?"

Alijibu hivyo kila mara, kwa upole, na kila mara watu walicheka. Ila kwenye karamu za majirani walianza kumsogeza. Mwanzoni alikaa karibu na moto, penye kiti cha mwenye nyumba. Mwaka uliofuata wakamweka katikati ya benchi. Kisha akajikuta karibu na mlango, penye upepo, pamoja na wazee wasio na ukoo na watu waliokuja kuomba kazi. Hakuna aliyemwambia neno. Kwetu hakuna haja ya maneno, benchi linasema. Alfdis aliona, Gyrid aliona, na Hergils alikula nyama yake ya baridi pale mlangoni akatoa shukrani akarudi nyumbani.

Wakiwa zizini siku moja alimwambia mama yake, bila kumtazama, "Mama, lete lile joho."

"Majani yakishakatwa," Gyrid alisema.

Majani yakakatwa. "Tukishachinja," akasema. Wakachinja. "Kondoo wakishazaa." Kondoo wakazaa, na Hergils hakuuliza tena, lakini alikuwa akilitazama sanduku kama mtu anavyotazama chakula cha mwenzake.

Moyoni Gyrid alikuwa na mambo mawili na hakuweza kulitupa hata moja. Alitaka Arnkel afe. Kila alipokanda unga alimkanda yeye. Na alitaka Hergils awe hai. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye uchungu huo alikuwa nao wa wana wawili, hakujua kama mahali pa wa tatu papo. Mwishowe aliona anamwua mwanawe kwa njia nyingine, kidogo kidogo, pale mlangoni penye upepo. Basi majira ya joto yalipoanza alijiambia: mwaka huu nitamvika.

Alilitoa joho asubuhi moja, Hergils akiwa malishoni, ili alitazame kabla ya siku yenyewe. Nondo walikuwa wamelila pembeni. Lile tundu la mgongoni na lile la begani yalikuwa yamefumuka, nyuzi zinaning'inia. Joho likivikwa vile lingechanika mabegani mwa mtu mbele ya watu. Gyrid akachukua sindano ya mfupa na uzi. Halafu mkono ukasita, kwa sababu mwanamke yeyote wa kwetu aliyelelewa vizuri anajua kwamba nguo chafu haishonwi. Hufuliwa kwanza.

Siku hiyo walikuwa wakifua sufu. Pipa la mkojo uliochacha, ambao kwetu hutoa mafuta ya sufu, akiba ya majira yote ya baridi, lilikuwa nje, na maji ya moto tayari kwenye beseni kubwa. Gyrid alibeba joho hadi pale. Sijui alifikiri nini, na nadhani mwenyewe hakujua. Labda mwanzoni ilikuwa ni mazoea tu ya mikono iliyofua nguo za wavulana watatu. Lakini alipolitumbukiza, na maji yakageuka, alisimama akatazama. Alijaribu kuona ipi ni damu ya Ottar na ipi ya Eldgrim. Haikuonekana. Ilikuwa imekuwa moja. Akapandisha gauni, akaingia ndani ya beseni, akaanza kulikanyaga.

Alfdis alitoka na kikapu cha sufu akamkuta. Alijua lile lilikuwa joho gani, hakuna mtu katika hori lile asiyelijua. Aliweka kikapu chini. Gyrid hakuacha kukanyaga, machozi yakimtiririka hadi kidevuni, wala hakujifuta.

Alfdis alivua viatu akaingia upande wa pili. Wakakanyaga pamoja. Baada ya muda alisema, "Mama, upande huu haujatakata bado."

Walilisuuza mtoni, wakalianika juu ya mibetula, ile miti yetu yenye ganda jeupe. Lilipokauka Gyrid alilishona, tundu la nondo na matundu yote mawili ya mkuki, kwa uzi wa rangi ileile, akalikunja, akalirudisha sandukuni. Hawakumwambia Hergils. Gyrid alitaka kumwambia. Kila jioni wakiketi kula alifungua kinywa, akamwona amechoka, akaona bora kesho.

Kesho ikaja na Kolbein. Alifika mchana na wanaume wa hori, shoka viunoni, nyuso zimechangamka. Arnkel alikuwa njiani kwenda kwenye baraza la majira ya joto, akiwa na watu wachache, na kesho yake angepita pale njia inapobana chini ya jabali. Nafasi kama ile haitarudi.

"Basi, mpwa wangu," alisema Kolbein, "kondoo watahesabiwa na mwingine."

Hergils alinawa mikono. Akakaa kwenye benchi, mgongo wima, watu wamemzunguka, na uso wake ulikuwa mzuri, tusifiche, uso wa mtu aliyengoja sana na sasa ameitwa. "Mama," alisema, "leo."

Gyrid alimtazama Alfdis. Alfdis alitazama chini. Gyrid akaenda sandukuni, akalitoa joho, akaja nalo mikononi, akaliweka mabegani mwa mwanawe.

Hergils alikuwa amefumba macho. Alingoja ile damu ibanduke imdondokee shingoni. Watu wote walingoja, wameinama kidogo kama wanaosikiliza. Hakikudondoka kitu. Joho lilikuwa laini, lina harufu ya upepo na majani.

Kolbein alishika ukingo, akaugeuza, akatazama ndani. "Damu iko wapi?"

"Imekwenda na mto," Gyrid alisema.

"Umemfua mfalme?"

"Nimemfulia mwanangu. Nilimfulia toka alipokuwa anatambaa, hakuna aliyenikataza."

"Dada, umerogwa wewe." Kolbein alikuwa amepauka. "Watu wamekufa kwa ajili ya hiyo damu. Eldgrim alikufa kwa ajili yake."

"Eldgrim alikuwemo humohumo," alisema Gyrid. "Nao wote wawili sasa ni safi. Kama unataka kwenda, Kolbein, nenda. Njia haina mlango."

"Mimi sikunyonya naye."

"Basi kaa ule."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akakatisha. Hergils alifumbua macho. Alikuwa mpole hata hapo, na upole wake ndio uliomwumiza mama yake kuliko kelele zote za Kolbein. Alivua joho, akalikunja vizuri, ukingo kwa ukingo, akaliweka mapajani mwa mama yake.

"Umenivua nguo mbele ya watu," alisema. Akatoka kwenda kwa kondoo.

Wapo wanaosema angeweza kwenda hata hivyo. Hao ni watu wa kusema. Nani angemfuata? Aliyeua bila kuvikwa amejiulia mwenyewe, na nyumba yake yote ndiyo italipa. Wanaume walijivutavuta kidogo uani, wakala, kwa sababu chakula kilikuwa kimeiva, wakaondoka. Arnkel alipita chini ya jabali kesho yake akipiga mluzi, walisema.

Hergils akapata jina jipya. Walimwita Hergils Joho Safi, na watoto wa majirani walimwimbia. Kwenye karamu hawakumsogeza tena, kwa sababu baada ya mlango hakuna benchi. Aliacha kwenda. Mtu wa kucheka na kujibu akawa mtu wa kunyamaza. Hergils hakumkosea mama yake adabu hata siku moja: alimletea kuni, alimtengenezea kitanda, alimpa kipande kizuri cha nyama. Ila hakumwita mama tena. Akitaka kitu alimwambia Alfdis, "Mwulize mwenye nyumba kama bado kuna chumvi," na Gyrid ameketi palepale, mkono ungemfikia.

Alfdis alichoka. "Mwambie neno moja tu," alimwambia mumewe, Gyrid akisikia kutoka upande wa pili wa ukuta wa mbao.

"Neno gani?"

"Lolote. Mtukane."

"Simtukani mimi mtu aliyenizaa."

"Basi mwite."

Hakumwita. Gyrid aliendelea kukanda unga. Alikuwa amenunua kitu na hiyo ndiyo bei yake, na hakujuta, lakini ilimwuma kila siku kama jino. Lile joho alilivaa mwenyewe, akaenda nalo zizini kukamua. Ng'ombe hawakujali lilikuwa la nani.

Arnkel alikufa miaka kadhaa baadaye, kitandani mwake, kwa jipu la shingoni. Mchuuzi wa chumvi ndiye aliyeleta habari. Gyrid aliposikia alikaa chini uani, akamlilia Ottar kwa sauti kama ameuawa jana, akalaani lile jipu kwa kufanya kazi isiyokuwa yake. Alitaka mkono wa mtu ndio umwue. Alitaka mpaka siku ile. Hergils alikuwa akitengeneza uzio. Alisimama na nyundo mkononi, akamtazama mama yake analia, halafu akaendelea na uzio.

Majira ya baridi yaliyofuata Gyrid hakuweza tena kuinuka. Miguu ilivimba, kisha pumzi ikawa fupi. Alfdis ndiye aliyemlisha, mpaka siku moja ng'ombe alipata shida ya kuzaa, na Alfdis, binti wa mganga wa mifupa, alihitajika zizini. Ilikuwa adhuhuri, jua dogo likiingia kupitia tundu la moshi. Hergils aliingia na bakuli la maziwa mgando na kijiko cha pembe. Alikaa ukingoni mwa kitanda. Akamlisha taratibu, akimfuta mdomo kwa mkono, kama alivyozoea kulisha wanakondoo walioachwa.

Nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Gyrid alizitazama. Eldgrim hakufika hapo, wala Ottar.

"Bado una hasira?" aliuliza.

Hergils alichota kijiko kingine. Alifikiri, maana hakuwa mtu wa kudanganya wagonjwa.

"Ninayo, mama."

"Vizuri," alisema Gyrid. "Kula basi na wewe, yasije yakachacha."

Akala, kwa kijiko kilekile, mpaka bakuli likaisha.